Aliyetusikilizia Ukuta

Hakuwahi kukaa juu ya kiti bila kukigonga kwanza. Ungemkaribisha nyumbani, ungempangusia kiti kwa kitenge, naye angeinama akigonge kwa kifundo cha kidole, mguu wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne, sikio amelitega. Ndipo akae. Wageni waliona ni dharau, sisi tulishazoea. Kikombe cha chai alikigonga. Mlango wa kanisa aliugonga. Kuna msiba mmoja aligonga sanduku la maiti mbele ya wafiwa wote, akasema, "Pale chini, musumari haitoshe." Watu wakamfokea. Seremala akaitwa, akatazama, akakuta ni kweli, na maiti akangoja nusu saa azidishiwe misumari.

Tulimwita Viziteri, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya reli: kupita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, kugonga gurudumu moja moja, na kusikiliza. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chuma chenye ufa kinajibu kwa sauti ya chungu. Yeye ndiye aliyeandika kwa chaki kwamba behewa hili liende na lile libaki. Jina lake sitalitaja, na ukoo wake nauacha huko kaskazini ya Katanga ulikotoka, kama koo zetu nyingi zilizoletwa na reli na mgodi. Alikwisha kustaafu nilipohamia mtaa wa Annexe, na tulikaa majirani miaka mingi.

Afadhali niseme mapema kwamba ninaandika haya na woga. Niko Kasomeno, kwa ndugu yangu, simu iko pembeni ya mkono, na kila inapolia naigeuza uso chini. Mvua haijakoma. Namba za watu wa kule nyumbani ninazo zote, na mpaka leo sijapiga hata moja.

Nyuma ya nyumba yangu ya Annexe kuna ukuta. Ni wa vipande vya beto, yaani zege, mrefu kupita mtu na nusu, na upande wa pili kuna bwawa la kampuni inayoosha mawe ya shaba. Maji yake ni ya asidi. Bata wa Mama Dorcas, jirani yangu, aliruka upande ule, nasi tukapanda juu ya kichuguu kumtazama. Siku ya kwanza alikuwa anaelea. Siku ya tatu hatukuona hata unyoya. Tangu hapo sikupanda kile kichuguu tena, na watoto niliwachapa nilipowakuta juu yake, wangu na wasio wangu.

Kutoka ukutani mpaka dirisha la chumba cha mama yangu ni hatua kumi na mbili. Nilizihesabu mwenyewe, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali. Mama ana miaka minne kitandani, upande mmoja wa mwili umekufa. Mimi ni mshonaji, sina mwanaume ndani ya nyumba, na ukiniambia "kimbia" sasa hivi, nitakimbia na nani mgongoni? Mama ni mzito. Ndugu yangu ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, na alikuwa anasema kila mwezi, "Yaya, mulete mama huku Kasomeno, chumba kiko." Nami nilikuwa namjibu jibu moja tu: Viziteri amesema ukuta uko mzuri.

Maana huyu mzee ndiye aliyekuwa amani yetu. Alikuwa pia mkubwa wa shirika letu, ule mkusanyiko wa Wakristo wa mtaa unaosali nyumba kwa nyumba siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Na sala zake, jamani! Wengine wanaomba kwa kunyenyekea. Yeye alizungumza na Mungu kama fundi anavyozungumza na fundi mwenzake aliyechelewa.

"Baba, tunayua uko na kazi mingi," angesema. "Kama ulitusahabu, hatukasirike. Lakini leo ukumbuke."

Mama mmoja wa shirika alimshtaki kwa padri, na padri akaja kumkanya. Nilikuwepo, nilikuwa namimina chai. Padri akasema Mungu hasahau wala hakosei. Viziteri akagonga kikombe chake, akanywa, akasema:

"Mon père, Mungu iko muzuri sana. Lakini alitumikaka siku sita, akachoka. Na muntu mwenye kuchoka anaachaka makosa. Mi nilitumika ku reli, nayua."

"Papa, hakuchoka. Alipumzika."

"Mon père, weye ulisha kuona muntu anapumuzika bila kuchoka?"

Padri alicheka, akataka kujizuia, chai ikampalia. Kisha akasema tu, "Papa, usiseme hivyo mbele ya watoto." Na Viziteri hakusema tena mbele ya watoto. Alisema mbele yetu wakubwa, na mimi nilicheka pamoja na wengine, lakini nilikuwa nikirudi nyumbani nafunga mlango na kujiuliza: kama ni kweli, mimi nitaegemea wapi?

Siku moja nilimwuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kukosea. Nilidhani atakataa, kwa kuwa alikuwa na kiburi chake. Akavua kofia.

"Mara moya," akasema.

Akanieleza. Gurudumu alilogonga asubuhi, likalia vizuri kabisa, akaandika chaki, behewa likaenda. Kabla halijafika mbali likaanguka, na mwenzake mmoja, mtu waliyekula naye bukari, ugali wetu, sahani moja, akapoteza mguu. Wakubwa walimhoji wiki nzima. Akawajibu jambo lile lile: nilisikia vizuri.

"Mutoto yangu, ile gurudumu ilinidanganya. Ufa ilikuwa kule ndani. Minafikiri na Mungu njo vile. Anagonga muntu, anasikia iko muzuri, anamupa bukubwa. Kisha ule muntu anapasuka, na bantu beko juu yake."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Niliyapeleka sokoni, niliyapeleka kwenye masini yangu ya kushona. Ukifikiri watu waliowahi kutushika mkononi, mkubwa huyu na mkubwa yule, kila mmoja alivyoapa mkono juu na alivyotuangusha, unaona mzee hakuwa anakufuru bure. Alikuwa anamtetea Mungu kwa namna yake. Alisema Mungu hakukusudia kutuletea watu wabaya. Alidanganywa na sauti.

Sasa usifikiri kwamba mtu huyo aliwachukia wenye mamlaka. Thubutu! Shefu wa mtaa akipita, Viziteri anasimama, anavua kofia. Karatasi yenye muhuri aliipenda kupita picha ya harusi yake. Alikuwa nazo sanduku zima, nyingine hazina maana tena, kibali cha baiskeli iliyokwisha kuibwa. Sindano aliiogopa mpaka kujificha, mtu mzima na mvi zake. Daktari alimdharau: "Ananigonga kifua, lakini hasikilize." Na yeye aliyetufundisha tusimwamini mtu bila kumgonga kwanza, alipenda kuaminiwa kupita mtu yeyote niliyepata kumjua. Ukimuuliza mara mbili, anasusa. Wiki nzima hakusalimii.

Ukuta ulipomalizika kujengwa, kampuni ilimtuma enjenyere mmoja, kijana mwenye adabu, viatu safi, karatasi mkononi. Tulikusanyika mbele ya nyumba yangu. Akasema ukuta umepimwa, nguvu yake inatosha, tusihangaike.

Viziteri akainua mkono. "Mukubwa, pardon. Weye unalalaka wapi?"

"Ku Golf, papa."

"Golf iko mbali na hapa."

"Ndiyo, papa. Mbali kidogo."

"Basi hii karatasi iende kulala na weye ku Golf. Sisi tutabakia na ukuta."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, maana Golf ni mtaa wa nyumba za bustani, na sote tulijua. Mimi nilikuwa mbele, nilimwona kijana usoni. Hakukasirika. Alitazama viatu vyake, akakunja karatasi polepole, akasema kwaheri. Angekasirika ningelala. Kule kutokukasirika kwake ndiko kulikonitia baridi.

Jumamosi iliyofuata, baada ya sala, Viziteri alitoka na nyundo yake ya zamani. Akaanza mwanzo wa ukuta, kipande kwa kipande, akigonga chini, katikati, juu, akitega sikio. Sisi tukamfuata kimya, hata watoto. Alipofika mwisho akageuka, akainua mkono akapaza sauti: "Inasema muzuri!" Ee, ungesikia tulivyopumua! Wamama wakasema, "Aksanti Mungu," kila mmoja akarudi kupika bukari yake. Na tangu siku ile ikawa desturi. Kila siku ya posho, saa kumi, sala kisha ukuta. Mwenye mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, wote walingojea lile neno ndipo juma liendelee.

Kosa letu lilianzia hapo, na ni letu, si lake peke yake. Tulikuwa tumeandika barua kwa kampuni, kuomba wahamishe bwawa au watuhamishe sisi. Nilikuwa nimeiandika mimi kwa mkono wangu, watu wakatia vidole vyao. Sikuipeleka. Tuliona haya kwenda kubishana getini wakati tuna mtu wetu anayejua. Barua ilikaa kwenye droo ya masini pamoja na vifungo.

Miaka miwili ya mwisho Viziteri alibadilika kidogo. Kwenye sala alianza nyimbo kabla ya wengine na kuzimaliza peke yake. Alisali kwa kelele. Ukimkuta njiani, yeye ndiye anayeanza: habari, watoto, mvua, anaongea mfululizo na kuondoka hujafungua kinywa. Nilisema ni uzee na majivuno. Nilimsengenya sana kwa hilo, mimi na Mama Dorcas, tukifua. "Bukubwa imemupanda kichwa," tulisema.

Halafu ikaja mvua ya mwaka huu. Ilianza Jumatatu na haikupumua. Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yanatoka chini ya ukuta, membamba, ya rangi ya kijani kidogo, yakipita kwenye ua wangu. Niliweka kidole, nikakifuta haraka, kikawasha mpaka mchana. Nilijiambia ni maji ya mvua yaliyopita kwenye udongo mbaya. Nilijiambia mengi. Kesho ni posho, mzee atagonga, atasema.

Asubuhi hiyo hiyo akaja kwangu barazani, na suruali ya kufupisha. Akagonga kiti, akaketi, mgongo wake umeelekea kwangu, akawa anatazama mvua. Masini yangu ilikuwa na mkanda uliochakaa, na ulikuwa unapiga ukelele wa mbuzi anayechinjwa. Mama kutoka chumbani analalamika: "Nini inalia vile? Simamisha, nakufa kichwa!"

Na Viziteri akasema, bila kugeuka, kwa sauti ya kuridhika: "Kwenu kuko kimya. Ni muzuri, kimya."

Mguu wangu ukasimama juu ya pedali. Sikutaka kujua, Mungu ni shahidi. Lakini alinifundisha mwenyewe, kitu chochote kigongwe kwanza. Nikachukua makasi yangu makubwa ya chuma, nikanyoosha mkono, nikayaachia yaanguke ndani ya beseni la bati, nyuma ya kiti chake, karibu na kisigino.

Mama alipiga kelele, "Yesu!" Kuku walitawanyika. Viziteri alikuwa anatazama mvua. Hakutikisa hata bega.

Nikazunguka, nikasimama mbele yake. Aliona uso wangu, kisha akageuka akaona makasi kwenye beseni, kisha akanitazama tena. Hakujaribu kudanganya. Alivua kofia kama siku ile ya gurudumu.

"Tangu lini?" nikauliza, nikitamka pole pole.

"Sikio ya kuume ilikufa mwaka ya juzi. Ya kushoto ikafuata." Akainamisha kichwa. "Nilisema itarudia. Nilimuomba. Kila asubui nilisema leo itarudia."

"Na ukuta?"

Nikamgusa bega ainue uso.

"Papa! Ukuta!"

"Siyue, mutoto yangu. Kweli ya Mungu, siyue. Mi nagonga, sisikie kintu."

Nilimfokea. Nilisema maneno ambayo mtu hamwambii mzee, na ilinibidi niyaseme nikiwa nimeinama usoni pake, mdomo mbele ya macho yake, ili yamfikie. Nilimwambia mama yangu analala hatua kumi na mbili. Nilimwambia miaka miwili, Papa, miaka miwili umetulaza juu ya uongo. Alinisoma mdomo mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mulikuwa munaningojea," akasema. "Bote munasimama pale, na batoto mu mugongo, munaniangalia kinywa. Ningesema nini? Siku ya kwanza nilisema muzuri sababu ya haya. Siku ya pili, sababu ya ile ya kwanza. Kisha sikuyua tena mulango ya kutokea iko wapi."

Kisha akasema jambo ambalo natamani asingelisema, maana haliniachi, hata hapa Kasomeno.

"Minafikiriaka Yeye kule juu. Bantu bote banamupigia magoti, banangoja aseme. Labda na Yeye masikio ilikufa. Labda anaogopa kutuambia."

Mimi si mtu wa sala ndefu, lakini kila siku ya maisha yangu nilikuwa najua kuna mtu anasikia. Nilitaka anyamaze mara moja. Maji ya kijani yalikuwa yanapita kati ya miguu yetu.

"Usibaambie," akasema mwisho. "Bakiyua, batakimbilia wapi na hii mvua?"

Nikayaokota makasi. Alipoondoka nilimpigia ndugu yangu. Akanitafutia nafasi kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, anayepakia unga na sabuni mjini kupeleka kwa barabara ya Kasenga, inayopita hapa Kasomeno. Lori lingepita kwetu Jumamosi alasiri, nafasi moja ya mgonjwa nyuma juu ya magunia, na moja ya mimi. Zaidi ya hapo hakuna. Usiku sikulala, nami nilikuwa nafikiri hivi, na nitaandika kama nilivyofikiri: nikiwaambia watu, watalivamia lori. Mama atabaki. Nitawaambia nikishampakia. Nitawaambia nikiwa juu.

Jumamosi saa kumi mvua ilikuwa ya manyunyu. Watu walisali kwa haraka, kisha wakamfuata mzee ukutani. Lori likaja wakati ule ule, na vijana wawili wakambeba mama yangu kwenye shuka, mvua ikimnyeshea usoni, naye ananiuliza, "Tunaenda wapi? Nani amekufa?" Nilimfunika kwa turubai. Huko nyuma nilisikia kugonga, ko, ko, ko, kipande kwa kipande, na nikajikuta, mpumbavu mimi, natega sikio kama naweza kuelewa.

Kisha ile sauti: "Inasema muzuri!"

Wamama wakaitika. Lakini Mama Dorcas hakuwa pamoja nao. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, mtoto mgongoni, wengine watatu wameshika kitenge chake. Godoro lilikuwa limetolewa nje chini ya bati, na vyombo vyote vimefungwa ndani ya shuka moja kubwa. Alikuwa ameona mama yangu anabebwa, akafunga virago bila kuuliza mtu. Akanijia mbio.

"Yaya, kunani? Mbona unamutoa mama leo?"

Dereva akapiga honi. Viziteri alikuwa amekuja mpaka kwenye kona ya nyumba, nyundo mkononi, maji yanamtiririka usoni. Hakuwa anatazama macho yangu. Alikuwa anatazama mdomo wangu.

"Ndugu yangu anamutaka tu," nikasema. "Anataka kumuona."

"Na ukuta?"

"Si umemusikia Papa?"

"Nimemusikia. Lakini weye njo unakaa nayo mu mugongo." Akanishika mkono, wake ulikuwa wa baridi. "Weye sema. Nitoke ao nibakie? Mi sina kwa kwenda, Yaya, lakini ukisema toka, natoka na hawa batoto, tunalala hata mu barabara."

Mama yangu akaniita kutoka juu ya magunia. Nilitazama lori. Nilitazama wale watoto wanne. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa yangu.

"Iko muzuri," nikasema. "Bakia."

Akapumua kwa nguvu, akacheka kidogo kwa aibu. "Aksanti, Yaya. Nilikuwa naogopa bure." Akarudi kwake, akapiga magoti, akaanza kufungua fundo la shuka, sufuria zikimwagika. Nilipanda. Lori lilipogeuka nilimwona Viziteri amevuka ua, ameweka nyundo chini, ameshika upande mmoja wa godoro na Mama Dorcas upande wa pili, wanalirudisha ndani ya nyumba.